Nimtoe binti kayumba nimpeleke shule ya ada? Darasani wako 143

Mama Zai: Habari za humu ndani. Niko Mbagala, nauza vitafunwa asubuhi, baba watoto anaendesha bajaji ya mkataba. Binti yuko darasa la tatu shule ya serikali, hizi tunazoita kayumba. Wako 143 chumba kimoja, wanaingia kwa zamu. Juzi nimefungua daftari la hisabati, tangu Februari limesahihishwa mara mbili. Sio kwamba mtoto mzembe, foleni haijamfikia kengele imeshalia.

Kuna ya mchepuo wa Kiingereza hapa jirani, ada 1,300,000 kwa mwaka kwa awamu nne, gari na chakula mbali. Nikijibana, awamu ya kwanza ninayo. Mdogo wake anaanza awali mwakani. Halafu kuna kitu kinanikera: hiyo hela serikali inayomlipia mwanangu, kwa nini nisipewe mimi nikaongezea kwenye ada? Nasikia Marekani wanafanya hivyo. Nishaurini.

Chuma Chakavu: Mhamishe. Kayumba tumesoma sisi, tunajua tulikoishia.

Mwalimu wa Zamu: Dada, hiyo hela unaijua ni shilingi ngapi? Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kiwango kiliwekwa 2002, kikiwa kama dola 10, na shilingi ya leo siyo ile. Hapo 6,000 ndiyo inakuja shuleni, 4,000 inabaki huko juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Ukipewa mkononi haikufikishi popote. Mzigo mkubwa ni mishahara yetu, na hiyo haigawanyiki kwa kichwa cha mtoto. Zai akiondoka mimi nabaki na 142, mshahara uleule. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na ndicho kilichotakiwa, ila vyumba na walimu havikukimbia nao.

Mbeba Maboksi: Niko Phoenix, Arizona. Huo mpango wa kumpa mzazi hela upo kweli. Tangu 2022 mtoto yeyote anaruhusiwa, kawaida ni kama dola 7,000 kwa mwaka. Ila ukisaini umeachia nafasi ya shule ya umma, na ada ikizidi unajazia mwenyewe. Walioomba mwanzoni wengi watoto wao hawakuwa shule za umma kabla. Jirani yangu Mkongo anapiga zamu mbili, hakuhangaika nao: basi la njano linamchukua mtoto karibu na mlango, hiyo shule nyingine angempeleka nani?

Bi Mkubwa Tandika: Mwanangu, mimi nilihamisha wa kwangu akiwa la nne. Wakampa mtihani kwa Kiingereza, wakamrudisha la pili. Anakaa na watoto wanaomfika begani. Muhula wa pili biashara ikayumba, siku ya mitihani namwona anarudi na begi mgongoni, karudishwa kwa kukosa ada. Alilia mpaka magharibi. Usihesabu awamu ya kwanza, hesabu ya nne, kisha zidisha na ya mdogo wake.

Kijana wa Rufiji: Tusidanganyane lakini. Sekondari masomo karibu yote ni Kiingereza, wa kayumba akifika kidato cha kwanza anakuwa kama kahamia nchi nyingine. Mtoa mada, serikali nayo ina shule za msingi za Kiingereza, mfano Olympio na Diamond pale Upanga. Wazazi wanachangia, ila sio kama binafsi. Kupata nafasi ndiyo shughuli.

Mwalimu wa Zamu: Kabla ya yote mpe gazeti asome aya moja kwa sauti, umuulize kasoma nini. Ukijua alipokwama, tafuta twisheni ya watoto sita saba, siyo arobaini sebuleni kwa mtu. Na ruzuku inaingia moja kwa moja akaunti ya shule, kwenye kamati kuna wazazi wenzako. Waulize.

Mama Zai: Mrejesho. Jana nimempa karatasi ninayofungia vitumbua, gazeti la zamani. Kasoma yote, kakwama "halmashauri" tu, na maelezo katoa. Nikamwambia 7 mara 8. Kachora vijiti pembeni ya karatasi mpaka nafasi ikaisha, akahesabu, akaniambia 54.

Baba yake kasema awamu ya kwanza isiguswe kwanza. Mwalimu, twisheni yako wewe ni shilingi ngapi?