Naomba msaada: "omnis" ya Kilatini ni kila, yote au nzima?

Sauti ya Nne:
Wakuu, habari za jioni. Jumapili kwaya yetu inaimba "Jubilate Deo, omnis terra", na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika tafsiri kwenye karatasi ya waumini. Kamusi ilisema omnis ni "kila", nikaandika "kila nchi". Mwalimu wa kwaya kaisoma, kaguna, kakata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "dunia yote". Nikamuuliza mbona Mathayo 7:17 "omnis arbor bona" ni "kila mti mwema"? Akanijibu, "Mwanangu, imba kwanza." Neno ni lile lile, herufi zile zile. Nani yuko sahihi? Karatasi zinaenda steshenari kesho mchana.

Mtoro wa Seminari:
Mwalimu yuko sahihi, na kamusi nayo haijakudanganya. Miti ni mingi, unaihesabu mmoja mmoja, ndiyo maana hapo omnis ni "kila". Wimbo wenu ni zaburi, na terra yake ni dunia, nayo ni moja tu. Utasemaje "kila dunia"? Kwenye wingi hakuna ugomvi: omnes ni watu wote, omnia ni vitu vyote, na wala huhitaji kutaja nomino. Vergilius, mshairi wa Kirumi, aliandika "omnia vincit Amor" (Upendo hushinda vyote) bila kusema vitu gani, kama wewe ukisema "vyote" na mwenzako akakuelewa. Sisi tuliozaliwa na ngeli, hii haitupi shida.

Dada Alto:
Mimi ningeandika "dunia nzima". Kuna ubaya?

Mtoro wa Seminari:
Nzima hasa ni totus, kitu ambacho hakijamegwa. Petro kwenye Luka 5:5 anasema "per totam noctem", na Biblia yetu imelipatia kweli: "usiku kucha". Ni usiku mmoja, mwanzo hadi mwisho. Sasa linganisha na Mathayo 28:20, "omnibus diebus": "siku zote", yaani moja baada ya nyingine. Ila mpaka wenyewe unavuja, dada. Julius Kaisari anaanza kitabu chake cha vita vya Gallia (Ufaransa ya kale) na "Gallia est omnis divisa in partes tres" (imegawanyika sehemu tatu), na hapo ni Gallia nzima. Baadaye totus akamfukuza mwenzake karibu kila mahali: "tout" ya Kifaransa na "todo" ya Kihispania ni uzao wake. Kiitaliano ndicho kimebaki na "ogni", kila. Kwa hiyo "dunia nzima" haitakupeleka motoni.

Konda Mstaafu:
Samahani wasomi, hiyo omnibus si ndiyo basi?

Mtoro wa Seminari:
Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Mwaka 1826, mjini Nantes, Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha magari ya farasi ya kubeba abiria, yakaitwa omnibus, "kwa ajili ya wote". Waingereza wakakata kichwa wakabaki na mkia, sisi tukauongezea irabu. Hiyo -bus ni kiambishi tu cha mwisho.

Konda Mstaafu:
Miaka yote hiyo nimening'inia kwenye kiambishi!

Sauti ya Nne:
Nimeshabadilisha, "dunia yote". Mwalimu nimemtumia picha, kajibu kidole gumba tu. Wimbo wa pili ni "Omnes gentes", nilikuwa nimeandika "mataifa yote", na pale hakugusa kitu.