Tupeane uzoefu: apu za wanaume kutafutana hapa Dar, zimebadili nini na zinaumiza wapi

Mtaa_wa_Nyuma
Wakuu, habari za kijana aliyetegwa gesti na kuporwa simu zimenigusa, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mtandao wa PlanetRomeo upo tangu 2002, apu ya Grindr ilianza Machi 2009 huko Marekani. Zilipofika Dar tulizipokea bila kujiuliza zinaondoa nini. Zamani kuchu, yaani mwanaume anayependa wanaume wenzake, alikuwa anaunganishwa. Kulikuwa na mtu kati anayewajua wote wawili, anajua huyu ni wa wapi na yule ana tabia gani, na mmoja akizingua lawama zinarudi kwake. Apu imemwondoa mtu kati, na kazi yake ya udhamini hakuna aliyeirithi. Wanaojua mtego unavyokwenda waeleze. Matusi pelekeni kwingine.

kaka_mkubwa77
Kweli kabisa mkuu. Siku hizi hata jina hujaulizwa, swali la kwanza ni "una geto?"

Shuka_Magomeni
Hilo la geto lina sababu yake. Nyumba nyingi za kupanga mji huu ni vyumba sita, choo kimoja, na mama mwenye nyumba amekaa kibarazani. Mgeni wa kiume akilala mara mbili maswali yanaanza. Kwa hiyo mwenye chumba cha kujitegemea ndiye mwenye kauli, na wa Mbagala anafunga safari hadi Masaki kwa masharti ya mwenyeji. Apu inaonyesha watu wote kwenye ukurasa mmoja kana kwamba wako sawa. Hawako sawa hata kidogo.

FundiSimu_Kkoo
Naeleza mtego hatua kwa hatua, someni polepole.

Kwanza, profaili ina picha nzuri mno, mara nyingi imeibwa kwa mtu wa nchi nyingine. Anakuwa na haraka ya kukutoa kwenye apu kwenda WhatsApp. Sababu ni namba. Akishapata namba anafungua menyu ya kutuma pesa, anaingiza namba yako na kiasi chochote, na kabla hajaweka PIN jina lako la usajili linatokea kwenye kioo. Anaghairi. Hajatumia hata shilingi na ana majina yako kamili. Laini ya pili haikusaidii, maana nayo imesajiliwa kwa NIDA na alama za vidole. Kwa jina hilo anakutafuta Facebook: kazini kwako, kanisani kwako, dada zako.

Pili, anaomba picha ya uso, halafu nyingine isiyo na nguo. Anazihitaji zote mbili ili aziunganishe.

Tatu, yeye ndiye anayechagua gesti. Mkishaingia, mlango unagongwa baada ya muda mfupi. Wako wawili au watatu, mmoja anajiita askari, mwingine mjumbe. Simu inanyakuliwa, kidole chako kinabanwa kwenye kihisi, inafunguka. Wanapiga picha orodha ya majina, hasa "Mama", "Bosi", "Shemeji". Wanaangalia na salio. Ndiyo maana kiasi cha kwanza huwa kinalipika: wameshaona ulicho nacho.

Ukilipa haijaisha. Umewathibitishia kwamba unaogopa na kwamba unaweza kupata pesa, kwa hiyo watarudi mwisho wa mwezi.

Kinga: zima alama ya kidole kabla ya kutoka nyumbani, weka nywila ya tarakimu sita au zaidi. Mkutane kwanza mahali pa wazi, mchana, pa kuchagua wewe. Rafiki mmoja ajue uko wapi na saa ya kukupigia. Kabla ya yote piga naye simu ya video ya dakika moja. Mwenye picha za kuiba ataleta visingizio.

Mrembo_wa_Temeke
Hapo kwa jina kutokea kabla ya PIN watu wengi hawajui. Asante sana kaka.

bongo_tek
Mnajisumbua. Washeni VPN, mchezo umeisha.

FundiSimu_Kkoo
Hapana ndugu, usipotoshe watu. VPN inaficha anwani ya intaneti, haigusi GPS, na apu hizi zinasoma GPS. Isitoshe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo unaongeza jambo jingine la kujieleza.

Tatizo lenyewe ni umbali. Apu ikisema uko mita 400, mtu anachora duara la mita 400 kutoka Sinza, anahamisha mahali pake kwa udanganyifu hadi Magomeni, anachora jingine, kisha Kinondoni. Duara tatu zinakutana pale ulipo. Baada ya jambo hili kufichuka mwaka 2014, Grindr iliondoa umbali kwa nchi kama Misri. Zima kipengele cha kuonyesha umbali, ila ujue bado orodha inapangwa kuanzia aliye karibu. Usifungue apu ukiwa kitandani kwako au kazini. Na simu ikikuruhusu, ipe apu mahali pa makadirio tu.

bongo_tek
Mimi nilisema kwa nia njema. Ila umenielewesha.

Msema_Haki_TZ
Mnafundishana uhalifu hadharani. Sheria ya nchi iko wazi na dini zetu pia.

kaka_mkubwa77
Sheria tunaijua: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, si chini ya miaka 30 hadi maisha jela. Ni sheria hiyo hiyo matapeli wanaitumia kama fimbo, kwa sababu wanajua aliyeporwa hataenda kituoni. Kumtishia mtu ili atoe pesa nako ni kosa. Hilo mbona hulisemi?

Jirani_Mwema
Mmesahau 2018? Mwisho wa Oktoba mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga Dar na kuomba wananchi wapeleke majina. Serikali nzima ilikuwa nyuma yake.

Mtaa_wa_Nyuma
Weka sawa. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilisema ule ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa serikali.

Jirani_Mwema
Tamko halikurudisha usingizi wa mtu. Watu walihama vyumba, walifuta namba, walikata urafiki wa miaka. Anayekuripoti ni yule aliyekuona kwenye apu, maana na yeye yumo humo!

Shuka_Magomeni
Nyote wawili mna hoja, ila turudi kwenye mada.

Dada_Nesi
Naomba niseme la afya. Wengi humo wana wake, na ndoa inakuwa pazia. Ukihisi umekaribiana na hatari, dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya tukio, zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Tangu 2019 sheria yetu inaruhusu mtu kujipima mwenyewe VVU. Majibu hasi ya leo hayasemi kitu kuhusu juzi. Rudia baada ya miezi mitatu. Na msijaze hali yenu ya VVU kwenye profaili. Aprili 2018 ilifichuka kwamba Grindr ilikuwa ikizipeleka taarifa hizo kwa kampuni mbili za nje. Baadaye Norway iliitoza faini ya kroner milioni 65 kwa kugawa data za watumiaji bila ridhaa halali.

Pwani_Tulivu
Kwa hiyo turudi kwa mtu kati?

Mrembo_wa_Temeke
Mtu kati naye ana mdomo. Akigombana na wewe, Temeke yote inajua.

FundiSimu_Kkoo
Tumieni Telegram badala ya WhatsApp: mipangilio, faragha, namba ya simu, chagua asiione mtu yeyote. Tengeneza jina la mtumiaji, toa hilo. Picha usitume kama faili, maana faili hubeba mahali na saa ilipopigwa. Angalia pia pazia, vigae, sare ya kazi.

Kijana_Buza
Na wa kuomba nauli je?

kaka_mkubwa77
Usitume. Anayetaka kuja atakuja, utamrudishia akifika. Nauli inaliwa, na jina lako lishamfikia kwenye ujumbe wa muamala.

Kijana_Buza
Sawa. Mimi nimeshafuta apu. Inatosha?

FundiSimu_Kkoo
Haitoshi. Ukiiondoa kwenye simu akaunti inabaki na picha zako zinaendelea kuwepo. Isakinishe tena, ingia kwenye mipangilio, tafuta kufuta akaunti, thibitisha. Kama ulikuwa unalipia, katisha malipo kwenye Play Store kivyake, la sivyo yataendelea kukatwa.

Kijana_Buza
Ngoja niisakinishe.