Nimeuziwa kioo cha kawaida kwa bei ya safaya, halafu naambiwa "mita 200"

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, hivyo mnivumilie. Mwezi wa nne nilinunua saa ya kuzamia katika duka moja la Kariakoo kwa shilingi 420,000, baada ya muuzaji kuniapia mara tatu kwamba kioo chake ni safaya, kile kigumu kisichochubuka kirahisi. Duka la jirani lilikuwa na saa inayofanana nayo kwa kila kitu, yenye kioo cha madini, yaani kile cha kawaida, kwa shilingi 260,000. Ile 160,000 ya ziada niliilipia kioo, si kitu kingine.

Wiki ya pili, nikishusha mitungi ya hewa ufukweni Kunduchi, mkono uliburuzika mchangani na kioo kikapata michirizi minne. Safaya ya saa, ambayo hutengenezwa kiwandani, ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga mawe kwa jinsi yanavyokwaruzana, na almasi, iliyo juu kabisa, ina 10. Kioo cha madini huishia kati ya 5 na 6. Mchanga wa Kunduchi, ambao mito imeuleta kutoka bara, una chembe nyingi za kwartzi, yenye ugumu wa 7, kwa hiyo hukikwaruza kioo cha madini lakini safaya hauiwezi. Ningekuwa kisiwani Mbudya, kwenye mchanga laini wa matumbawe, pengine nisingegundua kitu hadi leo.

Nilirudi dukani. Muuzaji aliigeuza saa, akanionesha maandishi ya mgongoni na kusema, "Kaka, saa ya mita 200 haiwezi kuwa na kioo cha kawaida." Hapo ndipo nilipochemka hasa. Mita 200 ni habari ya shinikizo la maji, ambalo huzuiliwa na unene wa kioo, ringi za mpira na uimara wa kasha, michubuko haimo. Hata kiwango cha ISO 6425 cha saa za wazamiaji hakilazimishi safaya. Seiko wameuza saa za kuzamia za mita 200 kwa miaka mingi zikiwa na kioo cha madini kilichokomazwa, wakakiita Hardlex na kukitaja bila kificho.

Wala sikidharau kioo cha madini. Safaya ni ngumu lakini haistahimili pigo. Ikigongwa ukingoni kwenye ngazi ya boti inaweza kumeguka, na kuibadilisha ni ghali. Mtu anayegonga saa yake kila siku ana sababu nzuri ya kuchagua kioo cha madini. Adui yangu mimi ni mchanga, ndiyo maana nilitaka safaya, na uchaguzi huo nimenyang'anywa kwa uongo.

Fundi saa mmoja alikipima kioo kwa kifaa cha kupimia vito, kinachoangalia jinsi jiwe linavyopitisha joto, na mshale haukutikisika, yaani si safaya. Jaribio la tone la maji ambalo wengi hulipendekeza (juu ya safaya tone hubaki duara, juu ya kioo cha madini husambaa) sikulitegemea, kwa sababu mafuta ya vidole au utando wa kuzuia mng'ao hulipotosha.

Sasa ninadai 160,000 yangu. Risiti ya EFD ninayo, ila imeandikwa "saa ya mkono" tu, na nilikubali kuipokea hivyo kwa uzembe wangu. Jumatatu ninakwenda Tume ya Ushindani (FCC), inayopokea malalamiko ya walaji. Je, kuna aliyewahi kufika huko na risiti isiyotaja aina ya kioo, na walimsikiliza?