Majibu ya maji ya uti wa mgongo ya mdogo wangu, naombeni ushauri

Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kike, miaka 22, alianza kwa kukosa usingizi na kuongea peke yake. Nyumbani tukadhani mapepo, wiki tatu zikaishia kwenye maombi. Alipoanza kuanguka kifafa ndipo tukakimbilia hospitali. Maji ya mgongo yakaonyesha kingamwili za NMDA, yaani kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia ubongo, na seli nyeupe 34. Ultrasaundi haikuona uvimbe kwenye ovari, ambao wakati mwingine ndio huchochea ugonjwa huu. Amemaliza dripu za steroidi siku 5. Jana alishika kijiko mwenyewe, ila mimi bado ananiita jina la marehemu shangazi.

Nimesoma kuhusu alama za NEOS za mwaka 2019, za kukadiria mgonjwa atakuwaje baada ya mwaka mmoja: seli zikizidi 20 ni alama moja mbaya, na kuchelewa matibabu zaidi ya wiki 4 ni nyingine. Hapo ndipo usingizi wangu ulipokata.

Daktari anataka kurudia sindano ya mgongo. Mama hataki hata kusikia, anasema mtoto atapooza. Waliouguza ugonjwa huu, kurudia kulibadilisha dawa, au daktari aliangalia tu hali ya mgonjwa? Na kipimo cha nyurofilamenti (protini inayoonyesha seli za neva zinavyoumia), kuna aliyekipata hapa Tanzania?