Jumamosi usiku na marafiki: sinema Nyali kisha chakula, au Mama Ngina na mishkaki?

KijanaTudor
Assalaam aleikum wana jukwaa. Mwenzetu arudi kazini Doha Jumatatu, na Jumamosi hii twataka kutoka naye. Tuko Mombasa. Chaguo la kwanza ni sinema ya usiku kule Nyali, kisha tukale hoteli ya karibu. La pili ni kukaa Mama Ngina, pale kando ya bahari, tangu alasiri, tule viazi karai na mihogo, halafu tumalizie mjini kwa mishkaki au biriani. Lipi bora?

BintiMajengo
Waaleikum salaam. Mko wangapi? Mna gari? Mmetenga pesa ngapi kila mtu? Na kuna akina dada, ama ni wanaume watupu? Usiposema hayo utajibiwa kwa kubahatisha.

NahodhaLikoni
Na mwenyewe ametaka nini? Pia useme kama kuna anayelala Likoni, ng'ambo ya feri. Kuvuka kwa miguu ni bure na feri yapita usiku kucha, lakini mwenye gari atakaa foleni.

PwaniTulivu
Mama Ngina, bila kufikiri mara mbili. Mtu akiwa Doha sinema anazo tele, tena kubwa kuliko zetu. Hatapata kule kukaa ukutani na dafu mkononi, meli ya makontena ipite mbele yake ikiingia bandari ya Kilindini, karibu hadi waona mabaharia wakitembea juu. Nendeni saa kumi, kabla watu hawajajaa.

MamaNdimu
Nataka niwasimulie yaliyotupata, ili KijanaTudor ajue kabla hajalipa.

Mwaka jana tulikuwa watano, mwenzetu mmoja alikuwa amepata kazi. Tukachagua sinema kisha chakula. Filamu ilisifiwa sana, kumbe ni milipuko na magari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa muda wa karibu saa tatu tumekaa kwenye baridi ya kiyoyozi, mimi na leso yangu mabegani, na hatukuweza kusema neno. Siku yenyewe ilikuwa ya kuzungumza! Mwenzetu aliyesherehekewa alilala, nikamwona kichwa kimeanguka begani.

Tulitoka saa tano kasoro, njaa imetushika. Hoteli tuliyoingia, sitaitaja jina, wahudumu walikuwa washaanza kupandisha viti juu ya meza. Tukaagiza kuku wa kupaka. Akaja baada ya dakika arubaini, nyama imekauka, tui limekatika, mafuta yaelea juu na chembechembe nyeupe zimebaki chini ya sahani. Harufu ya makaa hakuna kabisa. Nikamwita kijana, akaniambia mpishi ashaondoka. Tukalipa zaidi ya elfu saba na tuktuk ikatutoza maradufu kwa kuwa ni usiku. Kilichoniuma si pesa. Yule mwenzetu alihamia Kisumu wiki iliyofuata, na sikumbuki jambo hata moja tuliloongea.

MzeeMakadara
Pole sana mwanangu. Zamani sinema zilikuwa humu mjini, majumba ya Regal na Kenya. Ukitoka kwenye filamu ya Kihindi, macho bado mekundu kwa kulia, wavuka barabara wapata mishkaki yachomwa. Maongezi yalianza hapo. Sasa ukumbi uko ng'ambo ya daraja na chakula kizuri kiko huku.

FundiJiko
MamaNdimu, tui kukatika si lazima liwe bovu. Ni moto mkali na kutokoroga.

MamaNdimu
Najua, ndiyo maana nasema hawakujali. Kuku achomwe kwanza kwa makaa, tui jepesi litangulie, tui zito liingie mwisho na mkono usitoke kwenye mwiko.

FundiJiko
Hapo twaelewana. Na nyanya?

MamaNdimu
Nyanya kidogo, ya kusaga.

PwaniTulivu
Nyanya kwenye kupaka? Kwetu Kibokoni hapana. Ni tui, bizari, thomu, tangawizi na pilipili. Ndimu baada ya kuepua, la sivyo tui lakatika vilevile.

BintiMajengo
Jamani, mwenye swali hajajibu.

KijanaTudor
Samahanini, nilikuwa kazini. Tuko sita, dada wawili, gari moja dogo. Kila mtu ana elfu moja na nusu. Mmoja wa dada akaa Likoni na kwao wamtaka nyumbani saa nne. Mwenyewe amesema popote.

NahodhaLikoni
Saa nne? Basi sinema ya usiku imeanguka yenyewe. Labda ile ya mchana.

BintiMajengo
Na gari dogo watu sita, juu ya daraja la Nyali Jumamosi jioni, mtachoka kabla hamjafika. Mama Ngina kwa dada wa Likoni ni karibu na feri. Ila upepo wa kusi umeshika, mbebe kitu cha kujifunika.

KijanaTudor
Nashukuru. Tatizo wawili washanunua tiketi za sinema wakitaka kutushtukiza, za saa mbili usiku. Nimeambiwa sasa hivi.

MamaNdimu
Waulize kama zabadilishwa. Piga simu leo, usingoje Jumamosi.

FundiJiko
PwaniTulivu, bizari ipi, nyembamba au ya manjano?