Wakusanya madeni wanataka kubeba friji na magodoro: wana haki hiyo?

Mgebuka: Wakuu, habari za jioni. Mama anayeuza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, alikopa 500,000 kwa miezi mitatu na amebakiza rejesho moja. Vijana wa kampuni wanasema kesho wanabeba friji na magodoro. Tayari wamewatumia meseji za kumdhalilisha watu waliomo kwenye simu yake. Sheria inasemaje?

Karani_Ujiji: Aanze na leseni. Mkopeshaji asiyepokea amana yuko daraja la pili kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na leseni yake hutoka BoT (Benki Kuu ya Tanzania). Orodha ipo kwenye tovuti yao. Novemba 2024 BoT ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini.

Kisha aombe kwa maandishi nakala ya mkataba na mchanganuo wa deni: mtaji, riba, faini, kila kimoja peke yake. Kwa daraja la pili riba haipaswi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 17,500 kwa mkopo huo. Aangalie pia alipokea shilingi ngapi mkononi. Kausha damu nyingi (mikopo ya riba ya kuumiza) huficha riba kwenye "ada ya fomu" inayokatwa kabla hujashika hela.

Mgebuka: Asante mkuu. Dhamana iliyoandikwa ni friji tu.

Mzee wa Baraza: Basi magodoro wasiyaguse. Mali isiyo dhamana haichukuliwi bila hukumu na amri ya mahakama, na anayekamata ni dalali wa mahakama. Hata huyo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamkataza kubeba kitanda, matandiko, nguo na vyombo vya kupikia vya familia.

Kwenye friji wana hoja, ila wafuate mkataba na notisi yake. Wakija, amwite mwenyekiti wa mtaa, adai kuona karatasi zao, na ASISAINI fomu ya "nimekabidhi kwa hiari". Hapo ndipo wengi wanapoumia, maana ukishasaini ni vigumu sana kusema ulinyang'anywa. Wakivunja mlango, hilo ni jinai. Aende polisi achukue RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi). Deni lenyewe ni madai, hafungwi mtu kituoni kwa rejesho moja.

Karani_Ujiji: Meseji asizifute. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, alalamike kwa kampuni kwa maandishi, wasipomjibu apeleke BoT. Kuhusu kusambaza habari zake, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; malalamiko yanapokelewa na Tume yake. Na rejesho lililobaki alipe kwa namba ya kampuni iliyo kwenye mkataba, kamwe si kwa simu ya kijana aliyekuja mlangoni.