Bango la mita 12 kwa 10 kando ya Waiyaki Way: kibali ni cha kaunti au cha KeNHA?

Mdau_Kangemi
Wadau, habari zenu. Kuna ploti ya familia Kangemi inayopakana na Waiyaki Way. Kampuni ya matangazo inataka kusimamisha humo bango la mita 12 kwa 10 juu ya nguzo moja, mkataba wa miaka 5. Wanasema kibali cha kaunti kinatosha kwa kuwa ardhi ni ya mtu binafsi. Jirani anasema bila barua ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, litang'olewa. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi kabla ya kutia sahihi?

PlanaWaMji
Inategemea bango zima limekaa wapi, si nguzo pekee. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, na Nairobi ilitunga sheria yake ya mabango mwaka 2018. Kibali cha kaunti basi hakikwepeki. Lakini hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, inalindwa na Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007, kifungu cha 49: huwezi kuweka kitu juu yake wala chini yake bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika. Waiyaki Way ni ya KeNHA. Ingekuwa Ngong Road, mngeenda KURA, mamlaka ya barabara za mijini.

Anzeni na sovea (mpima ardhi) aliyesajiliwa. Atoe ramani Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, pale Ruaraka, atafute mawe ya mipaka na kuyarudisha yaliyong'oka. Msitegemee ukuta wa ploti. Kuta nyingi Nairobi zimejengwa nje ya mpaka. Kwenu kuna jambo la ziada: barabara ilipanuliwa kuanzia James Gichuru hadi Rironi, kwa hiyo hakikisheni hakuna kipande cha ploti kilichotwaliwa kupitia matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali ilhali hati bado inaonyesha ukubwa wa zamani.

Baada ya hapo maombi yanapelekwa kaunti yakiwa na hati ya umiliki na matokeo ya upekuzi wa ardhi, idhini ya mwenye ploti, ramani ya eneo, michoro ya miundo iliyotiwa sahihi na mhandisi, na picha za eneo kutoka pande zote mbili za barabara. Ada hubadilika kila Sheria ya Fedha ya kaunti inapopitishwa, basi msikubali kiasi cha mdomo. Lipeni kwa ankara ya mfumo wa kaunti na mtunze risiti, kwa sababu ada ya bango hulipwa tena kila mwaka.

Mhandisi_Chuma
Naongezea hapo kwenye "chini yake", maana ndipo michoro mingi hufeli. Mchoraji huonyesha nguzo ikiwa ndani ya ploti, nusu mita kutoka mpakani, halafu husahau msingi.

Hesabu ya haraka: upepo wa mita 28 kwa sekunde unasukuma kwa takriban newtoni 480 kila mita ya mraba. Kwa mita za mraba 120 na kizidishi cha 1.5 cha umbo la bango, ni kilonewtoni 86, karibu tani 9. Ukingo wa chini wa bango ukiwa mita 9 kutoka ardhini, nguvu hiyo inapiga kwenye kimo cha mita 14. Kuzuia lisipinduke utahitaji zege la kama mita 5 kwa 5, kina cha mita 1.5, yaani tani 90 hivi. Nguzo ikiwa katikati ya zege hilo, lazima isimame mita 2.5 au zaidi kutoka mpakani, la sivyo msingi uko kwenye ardhi ya KeNHA. Na bango lenyewe lina upana wa mita 12: likining'inia hata kidogo juu ya hifadhi, mnahitaji idhini.

Pimeni udongo kabla ya kuchimba. Ule udongo mweusi huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Chimbeni wote utoke mpaka mfikie murram ngumu au mwamba. Bolti za msingi zishikwe kwa fremu ya chuma wakati wa kumwaga zege. Zikisogea hata milimita chache, mafundi hupanua kwa moto matundu ya bamba la chuma lililo chini ya nguzo, na hapo uimara umepotea. Nafasi kati ya bamba na zege ijazwe mota (mchanganyiko wa saruji) isiyosinyaa, maji yasituame na kuleta kutu.

Wakili_Mikataba
Kwenye mkataba, kodi ianze kulipwa tarehe inayotajwa, si "kibali kitakapotoka", na kampuni ibebe ada, bima ya madhara kwa watu wengine na gharama ya kung'oa. Andikeni pia kwamba nakala za vibali mtapewa kabla ya shimo kuchimbwa.

Mdau_Kangemi
Asanteni sana. Kampuni inasema kaunti ikikaa siku 60 bila kujibu, ombi limekubaliwa. Ni kweli?

PlanaWaMji
Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hivyo kuhusu kibali cha ujenzi. Lakini hiyo haigusi idhini ya KeNHA, wala haiondoi haja ya leseni ya tangazo. Na mkijenga bila kibali, sheria hiyo hiyo ina faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miezi 2, au vyote viwili. Ombeni jibu la maandishi. Mkikataliwa, rufaa hupelekwa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti ndani ya siku 14.